Ncha ya Juu ya Figo la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu amelivika nguo daftari hili. Alikuwa na kipande cha mahameli ya kijani kilichobaki kwenye makochi ya mteja, akakipaka gundi, akakunja pembe zake kama anavyokunja pembe za mto, na asubuhi nimelikuta kando ya kikombe changu cha chai. "Mwanafunzi anahitaji daftari," akasema. Nikamwambia madaftari ya shule hayavai mahameli. Akasema basi hili si la shule, hili ni la kuandika habari zake.

Haya, naziandika habari zako, fundi wangu wa makochi. Leo ni siku ya kumi na saba tangu tufunge ndoa. Bado nikisema "mume wangu" mbele za watu najisikia kama mtoto aliyevaa viatu vipya, natamani kila mtu atazame miguu yangu. Leo nimelisema neno hilo mara nne: kwa mlinzi wa kliniki, kwa karani wa mapokezi, kwa mwanafunzi mwenzangu, na kwa mwalimu, ambaye hakuwa ameuliza.

Mafunzo ya vitendo yameanza. Muhula mmoja ndani ya kliniki, kisha mtihani, kisha nitakuwa mpimaji wa ultrasaundi. Nimeitaka kazi hii tangu kidato cha tatu, siku nilipomsindikiza shangazi kupimwa, na mpimaji akanigeuzia kioo cha mashine nione moyo wake ukifunguka na kufumba kama mdomo wa samaki. Nililia pale pale kwa furaha. Shangazi akadhani ndiyo kaambiwa anakufa.

Chumba cha kipimo ni kidogo. Pazia zito, feni inayogonga, mashine, na kitanda ambacho ngozi yake ya bandia imepasuka katikati hadi sponji inachungulia. Mwalimu wetu ni mama mnene mwenye miwani ya kamba. Wanafunzi waliotutangulia walimpa jina la Bi Shikilia, kwa kuwa kutwa nzima anawaambia wagonjwa, "Vuta pumzi. Shikilia." Hacheki. Ametupa sheria mbili tu.

"Ya kwanza. Mpimaji anaona na anaandika. Anayesema ni daktari. Uso wako ni mlango, ujue kuufunga. Ya pili. Usichokiona usikiandike. Kikijificha, andika 'hakikuonekana', uweke sahihi, ulale usingizi. Hiyo si aibu. Aibu ni kubuni."

Mwenzangu, ambaye tayari nimempa jina la Redio maana hazimiki, akaninong'oneza kwamba mama huyu lazima aliachwa na mchumba. Nikacheka. Tumetazamwa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimejifunza kupaka jeli. Ni baridi kama pua ya ng'ombe.

Ijumaa, 7 Machi

Hapa kuna utaratibu unaoitwa Ijumaa ya ndugu. Bi Shikilia anasema wagonjwa hawakuja kliniki kuwa ubao wa kuandikia, kwa hiyo Ijumaa mchana kila mwanafunzi analeta mtu wake mwenyewe, anampandisha kitandani na kumpima tumbo zima, kisha tunabadilishana watu. Mwili mmoja ni ukurasa mmoja katika daftari la mazoezi: ini, mfuko wa nyongo, kongosho, wengu, mafigo, urefu wa kila kitu, sahihi ya mwalimu. Kurasa arobaini zikijaa ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani.

Redio amemleta mjomba wake. Mjomba aliuliza kama mashine inaonyesha na alichokunywa jana. Bi Shikilia akamjibu, "Na cha juzi." Kumbe anajua mzaha. Lakini hakucheka.

Jumatano, 12 Machi

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja jioni. Aliketi kwenye kochi letu, lile alilotushonea bwana harusi mwenyewe, la watu wawili tu kwa makusudi, kwa hiyo sisi wenyewe tukakaa chini.

"Wifi," akaniambia, "nasikia siku hizi unamwona mtu hadi ndani. Basi mtazame kaka yangu kichwani, akili alizokuwa nazo kabla hajakuoa zimekwenda wapi."

"Zipo, wifi. Amezihamishia kwangu."

"Ndiyo maana wewe huna nafasi ya kuweka zako."

Mume wangu alicheka hadi akajishika mbavu. Wana kicheko kimoja, yeye na dada yake: kinaanza kwa sauti ya juu kama bawaba ya mlango, halafu kinaanguka tumboni. Kwake nakipenda. Kwa wifi kinanikera. Akiondoka huwa nafuta alipokalia kwa kitambaa chenye maji.

Ijumaa, 21 Machi

Leo ilikuwa zamu yako, laazizi.

Alikuja saa nane na nusu, ananukia gundi na sabuni, shati jipya. Bi Shikilia alimtazama, akanitazama, akasema, "Kumbe ndiye huyu mume wangu mume wangu." Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alikuwa anakikagua kitanda, anakiminya sponji kwa vidole. "Mama, kitanda hiki kimeshonwa na adui wa binadamu," akasema. "Mnawalaza wagonjwa hapa au mnawatengeneza?" Na hapo, naapa, mdomo wa Bi Shikilia ulicheza kidogo pembeni.

Nikampima. Sijui niandike vipi jambo hili. Ninamjua kwa nje, kovu la nyundo kidoleni, nywele zake za kifuani zinazozunguka kama maji yanapoingia bombani. Leo nimemjua kwa ndani. Ini lake laini, la kijivu, limetulia. Mfuko wa nyongo mweusi kama tone la wino. Nikajisemea ndiye huyu, hadi huku ndani ni mzuri.

Figo la kulia nililipata bila taabu. La kushoto ndilo lililotuchekesha. Ncha yake ya juu inajificha nyuma ya mbavu, kwa hiyo mtu anapaswa kulalia ubavu wa kulia, ainue mkono, avute pumzi na kuishikilia, nawe upitishe kichwa cha mashine katikati ya mbavu. Nilipogusa tu, akaruka. Mume wangu ana mtekenyo, na mtekenyo wake wote unaishi pale, ubavu wa kushoto. Bawaba ikalia. Pumzi yote ikatoka, picha kwenye kioo ikarukaruka, nami nikaegemeza kichwa begani kwake kwa kucheka.

"Shikilia, bwana, tafadhali."

"Nashikilia. Naapa nashikilia."

Nikagusa tena. Bawaba tena. Nami nikashindwa, nikaweka tena kipaji cha uso begani kwake tukacheka wote wawili, jeli imetapakaa hadi kwenye shati jipya. Bi Shikilia hakuwepo, alikuwa ameitwa chumba cha pili kwa mama mjamzito aliyeletwa kwa haraka, na aliniambia nimalizie mafigo. Nililiona figo la kushoto kuanzia chini hadi zaidi ya nusu. Huko juu nikakadiria linapoishia, nikaweka alama ya kipimo. Nikaandika: sentimita kumi na nusu, kawaida.

Aliporudi alikuwa anafuta mikono na foleni nje imefika mlangoni. Akazitazama picha za ini, akasema, "Una mkono mtulivu." Akaweka sahihi.

Mkono mtulivu. Nimeimba njia nzima.

Jumapili, 23 Machi

Jana kliniki ilikuwa imefungwa, mlinzi akatufungulia. Mume wangu amekivua kitanda kile ngozi yote, ameweka sponji mpya, amekishonea ngozi ya bandia ya buluu iliyokolea, na upande wa kichwani ameacha mshono wake wa mistari miwili, ambao anasema ndio sahihi yake. Hakuna aliyemtuma. "Mke wangu atasimama hapo miaka thelathini," alisema. "Wagonjwa wake wasilalie mashimo."

Jumatatu, 24 Machi

Bi Shikilia amekizunguka kitanda mara mbili. Amekikalia. Amesema, "Mwambie mumeo asante." Kwa yeye hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua tena. Viatu havikauki. Kurasa kumi na tatu.

Jumanne, 15 Aprili

Mume wangu ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Anasema ndoa inamkondesha, kila siku anakimbia kurudi nyumbani. Nimemwambia apunguze mwendo, mimi sihami.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa ya ndugu. Mama mkwe amekuja, mpole kama kawaida yake, amelala kitandani akipapasa mshono. "Huu ni mkono wa mwanangu," akasema gizani. Alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Picha zake zimetoka nzuri kuliko zote.

Jumatano, 30 Aprili

Mgongo unamuuma mume wangu, upande wa kushoto. Makochi ya hoteli moja, kuyapandisha ghorofa ya tatu. Nimemkanda. Kurasa ishirini na sita.

Jumamosi, 10 Mei

Amelala mchana wote. Hajawahi kulala mchana. Nilikaa karibu yake nikasoma masomo yangu huku nikisikiliza pumzi zake, nikajiona mwanamke mwenye bahati kuliko wote mtaani.

Jumatano, 14 Mei

Asubuhi niliingia msalani baada yake, na maji hayakuwa yamepita vizuri. Yalikuwa na rangi ya kutu.

Nilimkuta anafunga viatu. Nikamuuliza ni tangu lini.

"Siku tatu. Ni vile vidonge vya mgongo."

"Vidonge vya mgongo haviko hivyo."

"Basi siku tano. Usinitazame hivyo, wewe. Nilitaka kukwambia Jumapili."

"Kwa nini Jumapili?"

"Jumapili unakuwa na furaha."

Alhamisi, 15 Mei

Nimeomba nimpime mimi. Bi Shikilia akasema, "Hapana, mwanangu. Wewe simama ukutani." Ni mara ya kwanza ananiita mwanangu, na nilichukia kuitwa hivyo.

Mume wangu akalala kwenye kitanda chake mwenyewe. Ini. Nyongo. Figo la kulia. Kisha alimgeuza, akamwambia ainue mkono, akagusa mbavu za kushoto, na bawaba ikalia.

Bi Shikilia akaondoa mkono. Akauweka mapajani. "Cheka, baba," akasema. "Ukimaliza utaniambia."

Akacheka. Hakuna aliyemsaidia, kwa hiyo kicheko kikachoka chenyewe, kikaanguka tumboni, kikaisha. Chumba kikawa na feni tu. "Nimemaliza," akasema kwa haya, kama mtoto.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Nami nikaona. Kila mtu aliyesoma miezi miwili angeona. Pale ncha ya juu ya figo inapopaswa kuwa laini na kuzunguka kama ukingo wa kikombe, palikuwa na kitu cha mviringo, kikubwa, chenye mabakamabaka. Bi Shikilia aligandisha picha moja, ya pili, ya tatu. Akapima. Uso wake ulikuwa mlango uliofungwa kabisa, na ndipo nilipoelewa kwa nini hacheki. Mwenye kuwazoeza watu kicheko chake, siku akikikosa, watajua.

Mume wangu aligeuza shingo akanitafuta pale ukutani. "Mke wangu. Kuna nini?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nikasema, "Daktari atakwambia."

Naandika haya barazani, mchana, mvua ikinyesha. Tumeambiwa tusubiri jina liitwe. Yuko karibu yangu, ananishika mkono, ananisimulia habari za kochi la mteja ili nisiogope.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefungua daftari la mazoezi. Ukurasa wa tano. Figo la kushoto: sentimita kumi na nusu, kawaida. Mwandiko wangu, wa duara, mzuri. Mwishoni mwa neno "kawaida" nimechora mkia mrefu kwa furaha.

Kuanzia siku ile hadi juzi ni siku hamsini na tano.

Jumanne, 20 Mei

Daktari wa upasuaji ni mwanamume mfupi anayezungumza taratibu na kuchora picha kwenye karatasi. Amechora figo, akachora uvimbe juu yake kama kofia, akachora mshipa mkubwa, na kipande cha uvimbe kikianza kuingia ndani ya mshipa huo. Figo litatolewa lote. Tarehe nne Juni.

"Daktari, nami naweza kuishi na moja?" mume wangu akauliza.

"Wengi wanaishi."

"Maana nina mke mpya, huyu hajaizoea hata sauti yangu ya kukoroma."

Alipokwenda kutoa damu nilibaki nyuma. Nikauliza kama wiki nane zingebadilisha kitu. Daktari aliweka kalamu chini.

"Kwa nini wiki nane?"

Nikatazama mchoro wa figo. Akanitazama. "Nikisema zisingebadilisha, nitakuwa nakufariji," akasema. "Nikisema zingebadilisha, nitakuwa nabuni. Kule kwenye mshipa, sijui uvimbe uliingia lini. Sijui kweli."

Jumanne, 27 Mei

Nimembebea Bi Shikilia daftari la mazoezi, limefunguliwa ukurasa wa tano. Nikamweleza yote: mtekenyo, kicheko, alama niliyoikadiria. Nilisema haraka kabla ya kulia.

Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alisoma ule mstari, akaisoma sahihi yake chini. "Hii ni mimi," akasema. "Nilitazama ini tu. Nilikuwa na foleni." Akavua miwani. Bila miwani ni mama mzee.

Nikachukua kifutio. Akanishika mkono.

"Hatufuti. Piga mstari mmoja, ulichoandika kwanza kiendelee kusomeka. Juu yake andika ukweli. Weka tarehe ya leo na jina lako."

Nikapiga mstari juu ya "kawaida" na mkia wake. Nikaandika: ncha ya juu haikuonekana. Akaweka sahihi pembeni, naye akaandika tarehe ya leo. Kisha akasema ukurasa huo lazima ufike chuoni, kwa majina yetu sote wawili.

"Na mumeo anajua?"

"Bado."

"Hiyo sheria yangu ya kwanza," akasema, "ni ya mpimaji. Mke haimhusu."

Alhamisi, 29 Mei

Nimemwambia.

Alikuwa sakafuni, anashona kifuniko cha mto ambacho alitaka kumkabidhi mteja kabla hajalazwa. Nilikaa mbele yake. Nikasema siku ile uliyocheka, mimi sikuona hadi juu. Akaendelea kushona. Nikasema nilipaswa kusubiri, sikusubiri.

"Uliandika nini?" akauliza.

"Niliandika kawaida."

Sindano ikasimama. Hakuinua macho. Alikata uzi kwa meno, akaukunja mto, akauweka kando vizuri sana, akainuka akaenda kulala kwenye kochi, uso umeelekea mgongo wa kochi. Lile la watu wawili.

Ijumaa, 30 Mei

Hajasema neno.

Nimempa chai, ameipokea. Nimesikia akizungumza na dada yake kwenye simu uani, sauti ya chini. Alimwambia. Nilijua kwa jinsi alivyonyamaza kwa muda mrefu, anasikiliza.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi nilikuwa nafua. Alikuja akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Amekonda, ndoo haikutoa hata sauti.

"Nilicheka," akasema.

"Si kosa lako kucheka."

"Uliniambia shikilia. Mara tatu."

"Mara mbili."

"Basi mara mbili. Niliweza kushikilia, unajua? Ile ya pili niliweza. Nilicheka kusudi, kwa kuwa uliponiwekea kichwa begani ile ya kwanza..." Akachota povu kwa kidole. "Nilitaka ukiweke tena."

Nilikuwa na mikono yenye povu hadi kwenye viwiko. Nikaweka kichwa changu pale, begani. Akasema, "Nimekukasirikia siku mbili. Sina siku nyingi za kuchezea, naona nimezitumia vibaya." Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema haya, hasemi. Shati lake lililowa lote.

Jumatano, 4 Juni

Amekaa saa tano na nusu ndani ya chumba cha upasuaji. Figo limetoka, na kile kipande cha kwenye mshipa. Daktari amesema "vizuri" mara mbili. Wifi alikaa benchi la mbele yangu muda wote, akanipa mgongo.

Ijumaa, 6 Juni

Ameketi. Ameomba kitana.

Jumapili, 8 Juni

Siku nzuri. Ametembea hadi dirishani akiwa ameshika bega langu. Mvua imekatika, kumekucha na jua la kufulia. Amekosoa godoro la wodi, amemweleza muuguzi jinsi sponji inavyochoka. Nimemgusa ubavu wa kushoto juu ya bandeji, kwa ncha ya kidole. Akanitazama. "Mtekenyo umeondoka," akasema. "Wameukata pamoja na figo." Tukacheka, yeye kwa uangalifu, ameshika kidonda.

Jumatatu, 9 Juni

Saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Alhamisi, 19 Juni

Damu iliganda mguuni, ikapanda hadi mapafuni. Daktari ameniambia inatokea, hata kwa walioshonwa vizuri. Mume wangu alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alisema "ngoja kidogo", akaketi kitandani kama mtu aliyesahau kitu.

Ngoja kidogo. Ninangoja.

Siku ya mazishi wifi aliniambia maneno mbele ya mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. Alisema, "Ulikuwa unamtazama usoni. Kazi yako ilikuwa kutazama kioo." Mama mkwe akamwambia nyamaza. Lakini hakuna alichosema ambacho mimi sijakisema.

Jumanne, 1 Julai

Barua ya chuo. Kurasa zangu zote zimefutwa, thelathini na tatu. Nikitaka kuendelea, naanza na ukurasa wa kwanza. Bi Shikilia amepewa onyo la maandishi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniletea barua hadi nyumbani, akaketi kwenye kochi la watu wawili, upande wa mume wangu. Sikumwambia ni upande wa nani.

"Siendelei," nikamwambia.

Hakunibembeleza. Alipokuwa anainuka alipapasa ukingo wa kochi, akaupata mshono wa mistari miwili, kidole chake kikaufuata hadi mwisho. "Kitanda kiko pale," akasema.

Jumamosi, 12 Julai

Wifi amekuja. Alisimama mlangoni na mwavuli ingawa hakuna mvua. Sikujua nimkaribishe vipi, nikamkaribisha kwa kusogea.

Aliketi. Alizungumza na mwavuli.

"Daktari yule mfupi anasema ndugu zake wa damu wapimwe. Anasema mara nyingine yanafuatana."

"Nenda kliniki, wifi. Bi Shikilia atakupima vizuri."

"Nimemwona Bi Shikilia. Amesema Ijumaa ni ya ndugu. Amesema kila mwanafunzi anamleta mtu wake." Alikunja mwavuli, akaukunjua, akaukunja. "Mimi ni mtu wa nani?"

Nikaketi sakafuni, mbele yake.

"Kaka alinipigia simu kesho yake baada ya wewe kumwambia. Nilikutukana sana. Akanisikiliza hadi nikamaliza. Halafu akasema, dada, sasa katika dunia nzima hakuna mpimaji atakayeitazama ile sehemu kama yeye." Akaniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini naogopa, na alisema wewe."

Ijumaa, 18 Julai

Saa nane na nusu. Feni bado inagonga. Bi Shikilia amesimama ukutani, pale nilipokuwa nimesimama mimi, na hakutoka, ingawa aliitwa mara mbili.

Wifi alipanda kitandani akiwa ameubana mkoba wake. Nikauchukua mkoba. Nikapaka jeli, nikamwonya kwamba ni baridi. Ini. Nyongo. Kongosho. Wengu. Figo la kulia, sentimita kumi na moja, ncha zote mbili.

"Geukia kulia, wifi. Inua mkono."

Nikaweka kichwa cha mashine katikati ya mbavu zake za kushoto. Akaruka.

Sikuwa nimejiandaa. Sijui kwa nini sikufikiri hata mara moja kwamba naye atakuwa nao. Bawaba ikalia, ile ile, juu, halafu ikaanguka tumboni, na ilikuwa mume wangu, ilikuwa yeye mle chumbani, ubavuni pangu, na kioo kikarukaruka. Wifi akajiziba mdomo kwa mkono. "Samahani," akasema kupitia vidole, "samahani, siwezi," na kicheko kikaendelea kumtoka huku machozi yakimdondoka kwenye ngozi ya buluu, juu ya mshono.

Nikaondoa mkono. Nikauweka mapajani.

"Cheka, wifi," nikamwambia. "Mimi nasubiri."

Alicheka sana. Sikumtazama usoni. Nilitazama kioo, kilichokuwa cheusi kitupu, nikakisikiliza kicheko chote hadi mwisho wake, hadi pale kinapochoka, ambapo sikuwahi kufika siku ile. Kinaisha kwa mguno mdogo, kama mtu anayetua mzigo. Sikujua; hata siku Bi Shikilia alipongoja, kwa hofu sikuusikia. Nimeishi nacho miezi minne bila kujua kinaishaje.

"Nimemaliza," akasema.

"Vuta pumzi. Shikilia."

Akashikilia.

Ukurasa wa kwanza. Figo la kushoto, sentimita kumi nukta nane. Ncha ya juu: imeonekana. Kawaida.